Kikombe cha Bati cha Fundi Mkono

Asiyependa kusikia habari za uchafu akaendelee na shughuli zake, maana habari hii inanuka tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi sina ubani wa kuifukizia.

Fundi Mkono alikuwa mzibuaji wa mabomba ya maji machafu. Jina alipewa na wateja. Waya wake wa kuzibulia ukishindwa, alikunja shati hadi begani, akauingiza mkono wa kulia ndani ya bomba, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, kisha akautoa mkono ukiwa na kitu. Nywele. Nepi. Kijiko. Siku moja alitoa meno ya bandia, na mwenye meno akayasuuza kwa maji ya bombani, akayarudisha kinywani hapohapo huku akimshukuru. Fundi, ambaye alidhani ameshaona yote, ilibidi atoke nje akapunge hewa.

Alikuwa na desturi moja iliyowatia watu hofu. Kila alichokitoa alikitandaza juu ya gazeti mbele ya mteja, akaeleza kimetoka chumba gani na kwa nini. Hakuficha, hakuongeza, hakumwonea mtu. "Bomba halina siri," alisema. Watu walimheshimu kwa hilo. Walimsalimia kwa adabu zote, ila kwa mbali kidogo, na mkono hawakumpa.

Hilo halikumsumbua. Mtu anayefanya kazi ya uchafu anajua kwamba uchafu ni wa wenye nyumba, yeye ni mpita njia tu. Kilichomsumbua kilianzia nyumbani kwake, siku mama mkwe alipohamia.

Fundi na mkewe walipanga vyumba vitatu ghorofa ya juu, katika nyumba ya mama mmoja mstaafu aliyekuwa matroni wa bweni la shule. Mama mwenye nyumba huyo aliishi chini, na kwenye ukuta wa mlango mkubwa aliandika kwa rangi nyekundu: HAKUNA KUPIKA POMBE. ATAKAYEKAMATWA ATAHAMA SIKU HIYOHIYO. Baba mkwe alipofariki, mkewe Fundi alisema mama yake hawezi kubaki peke yake, na Fundi akakubali kabla sentensi haijaisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa moyo mwepesi na mama mkwe ni mama.

Mama mkwe alikuja na masanduku mawili na rundo la vitambaa vya mkononi. Hanchifu nyeupe, zimepigwa pasi, kila moja imedariziwa ua dogo la buluu pembeni, kazi ya binti yake alipokuwa msichana. Alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Alifuta kiti kabla ya kukalia na alikifuta tena baada ya kuondoka. Siku ya kwanza Fundi alipotoka kazini na kumsalimia, "Shikamoo mama," alijibu "Marahaba, baba," vizuri kabisa, kwa sauti ya upole, huku hanchifu ikiwa imepanda puani.

Hakuwahi kumtukana. Ningependa kusema alimtukana, maana tusi mtu hulijibu. Yeye alipanga mambo tu. Alimwomba mkwewe, kwa heshima, awe ananawa kwenye bomba la uani kabla ya kupanda ngazi. Akamtengea sabuni yake. Akamtandikia gazeti kwenye kiti, gazeti kama lile ambalo Fundi huwatandazia wateja nepi na nywele. Na kikombe chake, kikombe cha bati chenye kishikio kilicholegea alichokifunga kwa waya, mama mkwe alikiondoa rafuni penye vikombe vya wenzake na kukitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa jikoni.

"Ni kwa ajili yako, baba," alimwambia. "Usije ukakichanganya na vingine."

Fundi akacheka. Mkewe akaona aibu, akasema, "Mama, jamani!" Lakini kikombe kikabaki msumarini. Baadaye Fundi akazoea kunywea chai uani, amekaa kwenye ngazi, na nyumba nzima ikakijua kile kikombe. Hakuna aliyekigusa. Mtoto wa jirani alipokiokota siku moja, mama yake alimpiga kofi mkononi.

Basi, baada ya muda harufu ikaanza.

Haikuwa harufu ya chemba ya maji machafu. Fundi anazijua harufu za chemba moja moja, kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake. Hii ilikuwa tamu kwanza, halafu chachu, halafu mwishoni kuna kitu kama kitambaa cha kufutia meza kilichosahauliwa kwenye ndoo. Ilikaa kwenye korido. Iliingia kwenye mapazia. Ukifungua mlango wa nyumba inakupokea kabla ya mtu.

"Baba," mama mkwe aliuliza jioni moja, hanchifu puani, "leo ulifanya kazi wapi?"

"Pale karibu na shule, mama. Kazi ndogo."

"Ahaa." Akaibonyeza hanchifu zaidi. "Ndogo kweli?"

Fundi akashuka tena uani, akanawa mara ya pili. Kesho yake akanawa mara ya tatu. Akanunua dawa ya kufulia nguo nyeupe akaichanganya na maji ya kuogea. Akatumia brashi ya sakafuni. Ngozi ya mikono ikaanza kubanduka kati ya vidole, ikawa myekundu, ikawa inauma akishika waya. Harufu ikabaki palepale, imekaa kitako.

Kibaya zaidi, iliingia kwenye chai yake. Akimimina chai kwenye kikombe cha bati, ile harufu inapanda na mvuke. Akinywa, nyuma ya utamu wa sukari kuna uchachu, kuna kitu kinachoteleza ulimini kama ute. Alibadilisha maji. Alibadilisha majani. Mkewe akaonja chai ileile kutoka kwenye kikombe chake cha udongo, akasema ni nzuri.

"Hamna kitu, fundi wangu. Chai iko sawa."

Hapo ndipo Fundi alipofikia uamuzi wake, na mtu akishajiamulia ubaya hakuna wa kumtoa. Aliamua kwamba uchafu umemwingia. Kwamba baada ya kuuingiza mkono kwenye mabomba ya watu kwa miaka yote ile, sasa yako ndani yake, kwenye ulimi, kwenye jasho, kwenye damu. Alijinusa bega akiwa peke yake chooni, akasikia kichefuchefu. Kinyaa cha mtu mwingine unakikimbia. Ukijionea kinyaa mwenyewe utakimbilia wapi?

Mkewe alijaribu. Mwanzoni alisema ni bomba la jirani. Halafu akasema labda ni buti. Halafu, usiku mmoja wa joto, aligeuza mto wake akalala kichwa upande wa miguu, akadai dirisha la upande ule lina upepo. Kesho yake Fundi alihamia kwenye kochi la sebuleni kwa hiari yake, na mkewe hakumzuia, ingawa alilia bafuni kwa sauti ya chini.

Ndipo akatafuta kazi nyingine. Kulikuwa na ghala moja lililotaka bawabu, kazi ya kukaa kwenye kibanda na kufungua geti. Aliikubali. Jumatatu angeanza. Waya, ndoo, patasi, glavu na vifuniko vyake vyote angempa fundi mwenzake wa mtaa wa pili. Nawaambieni, mtu yule alikuwa haoni raha duniani kama ile ya kusikia bomba lililoziba likikoroma, likasita, halafu likameza maji yote kwa mkupuo mmoja. Na alikuwa anaiacha kazi hiyo akakae kibandani, ili mkewe aweze kulala karibu naye.

Jumamosi asubuhi, mkewe akiwa zamu kiwandani, mama mwenye nyumba alipiga kelele kutoka chini. Fundi alishuka mbio, akidhani ameanguka.

Hakuwa ameanguka. Alikuwa amesimama juu ya kigoda mlangoni mwa bafu lake, amekusanya gauni kwa mikono miwili. Kwenye tundu la sakafu la kutolea maji, povu lilikuwa linapanda. Povu la rangi ya zambarau iliyofifia, nene, lenye mapovu makubwa yanayopasuka polepole kwa sauti ya mtu anayebusu. Lilikuwa limebeba vipande vya maganda meusi, mbegu, na vitu vingine kutoka vyoo vya juu ambavyo sitavitaja, maana wengine mnasoma mkiwa mezani. Juu yake vijinzi vidogo vimetanda wingu zima.

"Fundi, hiki nini?" mama mwenye nyumba aliuliza. "Linapumua hili! Angalia, linapumua!"

Na kweli lilikuwa linapumua. Likipanda, likishuka. Fundi alikuwa hajawahi kuona uchafu wenye uhai kiasi kile. Lakini akapiga moyo konde, akaenda uani, akafunua kifuniko cha chemba.

Ndani kulikuwa kumejaa hadi juu. Waya ukagonga kitu laini, ukazama, ukarudi mtupu. Akajaribu tena. Mwishowe akakunja shati, akalala kifudifudi kwenye saruji, akauzamisha mkono ule wenye vidonda. Vidonda vikawaka moto. Vidole vikapita kwenye uji wa vuguvugu, machicha ya zabibu, mengi, yamebanana kama unga uliolowana, na yalikuwa na joto lake lenyewe, joto la kiumbe. Nyuma ya machicha vikagusa kitambaa. Akavuta.

Kitambaa kikatoka na bonge zima la machicha, na harufu ikampiga usoni.

Fundi akabaki amelala pale, pua karibu na mkono wake. Harufu ile aliijua. Tamu, chachu, kitambaa cha kufutia meza. Ilikuwa ya chai yake. Ilikuwa ya korido yake, ya mapazia yake, ile aliyoitafuta kwapani mwake kwa brashi ya sakafuni. Na hapa imetoka ndani ya bomba, haina uhusiano wowote na mwili wake.

Kisha akakitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe zamani. Sasa zambarau, kimejaa ute. Pembeni kulikuwa na ua dogo la buluu.

Hapo Fundi Mkono alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika kazi yake. Aliikunja ile hanchifu ngumini, akaisukumiza ndani ya buti lake kabla mama mwenye nyumba hajafika. Machicha tu ndiyo aliyoyatandaza kwenye gazeti.

Mama mwenye nyumba akainama, mtandio puani, akanusa, akainuka kama ameumwa.

"Mvinyo! Mtu anachachua mvinyo kwenye nyumba yangu, halafu anamwaga machicha chooni! Nani?"

"Bado sijajua, mama."

"Wewe? Wewe hujui? Si wewe unayesema bomba halina siri?"

"Nipe nafasi nilifuate bomba."

Akapanda ngazi na buti zake, hakunawa. Kila hatua ile hanchifu ilikuwa inajikamua kwenye soksi yake, baridi, inateleza kati ya vidole. Aliingia ndani akiacha alama za zambarau sakafuni. Alipopita jikoni alitupa jicho nyuma ya mlango. Msumari ulikuwa mtupu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Chake kilikuwa chumba cha pili kushoto.

"Hodi, mama," alisema. Hata hapo, jamani, alipiga hodi. Lakini hakungoja karibu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, miguu pamoja, mgongo umenyooka, gauni safi. Milango ya kabati ilikuwa wazi. Chini ya nguo zilizotundikwa kulikuwa na ndoo mbili, moja imefunikwa kwa taulo, nyingine wazi. Juu ya mvinyo wa ile iliyo wazi kulikuwa na utando mweupe, umekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na juu ya utando vijinzi, vingine vimekufa, vingine vinatembea juu ya wenzao. Ukingoni pameganda ukoko wa zambarau. Kutoka chini kilipanda kipovu kimoja, kikanyanyua utando, kikauchana.

Na mikononi mwa mama mkwe, kikiwa mdomoni kabisa, kilikuwa kikombe cha bati chenye kishikio kilichofungwa waya.

Fundi alitazama. Mama mkwe naye akatazama kutoka juu ya ukingo wa kikombe. Hakukishusha haraka, mtu aliyekamatwa hivyo hana la kuharakisha.

"Mama," Fundi alisema. "Hicho ni kikombe changu."

"Ndiyo, baba."

"Unanywea kikombe changu."

"Hakuna mtu mwingine anayekigusa," alijibu. "Vikombe vingine binti yangu angenusa. Hiki hakuna anayekinusa ila wewe."

Alisema kwa upole uleule wa siku zote, na ule upole ndio uliomchefua Fundi kuliko ndoo zote mbili. Akakumbuka ute ule ulimini. Akaelewa kwamba kumbe mwanamke huyu alikuwa anachota, anakunywa, anakisuuza kikombe kijuujuu kwa sababu hapendi kukishika sana, kisha anakirudisha msumarini na mashapo chini. Na yeye akimiminia chai juu yake. Asubuhi na jioni.

"Nimejisugua mpaka ngozi imetoka," alisema. Akanyoosha mikono. "Ona. Nimehama chumba changu. Jumatatu naacha kazi. Wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona, baba."

"Na ukanyamaza!"

Mama mkwe akatafuta hanchifu mfukoni, hakuipata. Mkono ukabaki unapapasa gauni.

"Nifanyeje? Harufu ilikuwa imeshapata mwenyewe."

Nyani haoni kundule, ndiyo, tumezoea; lakini nyani wa kumvisha mwenziwe kundu lake mwenyewe, kisha akaziba pua, huyo Fundi alikuwa hajamwona. Damu ilimpanda hadi masikioni. Laiti angekuwa mtu wa kupiga mateke, zile ndoo zingeruka.

Mama mkwe akaanza kueleza bila kuulizwa, akiyatazama yale madoa ya buti sakafuni. Marehemu ndiye aliyekuwa akitengeneza mvinyo, jikoni kwake, tangu walipooana. Zabibu zilizolainika, hamira, sukari, ndoo kila kona. Yeye aliuchukia. Zile hanchifu alianza kuzishika kwa ajili yake, si kwa ajili ya mkwewe. Ndoa yao nzima aliishi ameziba pua. Kisha mzee akafa, wakaja watu wakaosha nyumba, wakatupa ndoo, na asubuhi moja akaamka nyumba inanukia sabuni tu.

"Sikuweza kuvumilia," alisema. "Nikadhani nitakumbuka jinsi alivyoufanya. Sikumbuki. Nauchuja kwa hanchifu, na kila ukitoka, unatoka hivi. Umeoza. Nakunywa ili nijue kama umekaribia."

"Umekaribia?"

"Bado. Huu unafanana na matapishi."

Fundi hakujua acheke au alie, na huruma ilipoanza kumwingia aliifukuza, maana mikono ilikuwa bado inamuuma. Mtu anaweza kukuhurumisha na kukuchefua kwa wakati mmoja, na la pili halifutwi na la kwanza.

Wakati huo nyayo zikasikika kwenye ngazi. Mama mwenye nyumba alikuwa amechoka kungoja, akafuata alama za buti. Mama mkwe alishtuka, akakiweka kikombe juu ya stuli karibu na ndoo, akafuta midomo kwa kiganja. Mlango ukajaa mama mwenye nyumba, mtandio puani, macho yamemtoka.

Akaziona ndoo. Akauona utando. Akageuka pembeni, akarudi. Halafu akaona kikombe cha bati, kimelowa zambarau, mvinyo unachuruzika kwenye waya.

"Ala!" alisema. "Kumbe ni wewe! Kikombe chako kile. Nani asiyekijua? Unatutandazia magazeti, unaaibisha watu kwa nywele zao, kumbe wewe mwenyewe ndiye unayetunusisha! Nilijua. Mtu hawezi kunuka vile kwa kazi tu. Na umekuja kuficha uozo wako kabatini mwa mama wa watu, mwanamke msafi!"

Fundi alifungua kinywa. Hanchifu ilikuwa butini. Angeivuta tu, akaitandaza pale sakafuni, ua la buluu juu, na aseme imetoka chumba gani. Ndiyo kazi yake. Ndicho alichofanya kwa kila mtu. Aliinama, mkono ukafika kwenye ukingo wa buti.

Akamtazama mama mkwe kwanza. Hakumwomba kwa maneno. Alitaka tu kujua huyu mwanamke ataiacha harufu yake begani mwa mwingine hadi lini, na kama ataiacha hata sasa, basi ajue, na Jumatatu aende kibandani, na asirudi tena kwenye nyumba ile.

Kijinzi kimoja kikatua kwenye utando, kikazama.

Mama mkwe akasimama. Akanyoosha gauni. Akachukua kile kikombe cha bati kwa mikono miwili, akakizamisha ndani ya ndoo iliyo wazi, akakichana kile kingozi cheupe, akachota kikombe tele, vijinzi na vyote. Akakipandisha mdomoni. Na mbele ya mama mwenye nyumba, akanywa. Hakuonja, alikunywa. Koo lilipanda na kushuka. Uso ulikunjamana, machozi yakamtoka, mwili ukamsisimka mara moja kama mbwa aliyenyeshewa, lakini hakukishusha mpaka mashapo yakamfika kwenye meno.

"Mvinyo ni wangu," alisema, meno ya zambarau. "Kikombe ndicho chake. Nilikitumia kwa sababu nilijua nyote mnakionea kinyaa, kama nilivyokuwa nakionea mimi. Harufu ni yangu pia. Huyu hanuki."

Mama mwenye nyumba alijaribu kujibu, lakini kuona kijinzi kimoja kwenye mdomo wa juu wa mwanamke msafi kulimzidi nguvu. Alikimbilia dirishani, akatapika nje, juu ya maua yake mwenyewe.

"Mtahama," alisema alipopata pumzi. "Leo hii."

"Sawa, mama," Fundi alijibu. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa utulivu. "Ila chemba iko wazi, na bafu lako linapumua. Nikiondoka na vyombo vyangu sasa hivi, sijui utampata nani Jumamosi."

Mama mwenye nyumba akamtazama Fundi, akaitazama mikono yake, akalifikiria lile povu. Yapo maandishi mekundu ukutani, na lipo povu bafuni; mtu huchagua.

"Zimwagwe," alisema. "Zote. Na si chooni!"

Zikamwagwa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba. Fundi alibeba ndoo moja. Ya pili aliibeba mama mkwe, na shimoni akapiga magoti, akayakwangua machicha ya chini kwa vidole vyake, kwa kuwa hayakutaka kutoka. Alikuwa anakokota pumzi na kutema mate. Fundi alimwangalia, hakumsaidia. Kisha akarudi kwenye chemba yake, akauingiza mkono, akasukuma, akavuta, na ghafla bomba likakoroma, likasita, likameza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Alibaki amelala pale kifudifudi, akitabasamu kwenye uvundo.

Mkewe alirudi jioni. Kwenye bomba la uani alimkuta mama yake amechuchumaa, anasugua mikono kwa sabuni ya Fundi.

"Mama, unafanya nini huku nje?"

"Nanawa kabla ya kupanda," mama mkwe alisema. "Mumeo atakueleza."

Fundi alimweleza, mwanzo hadi mwisho, na hanchifu akaitandaza kwenye gazeti. Mkewe alicheka, akalia, kisha akamnusa mumewe shingoni, kwa nguvu, kama mtu anayenusa mkate dukani. Akaenda kuuchukua mto sebuleni. Fundi mwenyewe siku hiyo alikuwa amenawa mara moja tu. Kwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili alipeleka ujumbe kwamba waya hauendi popote.

Wakati wa chai, mkewe alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akakishika kikombe cha bati, kilichosuguliwa sasa hadi kinang'aa.

"Hapana," Fundi alisema. Akafungua kabati la vioo, akatoa kikombe cha wageni, kile chenye mstari wa dhahabu ambacho mama mkwe alikuwa hamruhusu hata mwanawe kukigusa. "Nipe kwenye hiki. Hicho sasa ni cha mama. Mimi nakionea kinyaa."

Mkewe akageuka kumtazama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono iliyolowa. Mama mkwe alikwenda akakichukua kikombe cha bati mkononi mwa binti yake, akavuta kiti, akakikalia bila kukifuta, akakisogeza kikombe mbele.

"Nimiminie na mimi, mwanangu," alisema.

Fundi akapuliza mvuke, akanywa. Ilikuwa na ladha ya chai.